Kufuli la Tatu la Apolonia

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024. Alfajiri kulikuwa na wingu zito upande wa ziwa. Upepo ulivuma kwa nusu saa ukipeperusha vumbi na makaratasi katikati ya mji wa Bariadi, kisha wingu likaondoka bila kudondosha hata tone. Kufikia saa mbili jua lilikuwa kali na anga nyeupe.

Hata wingu hilo Apolonia alilidharau. Alilitazama mara moja tu alipokuwa akifungua kufuli za kibanda chake karibu na stendi, akaona kwamba ni la kutishia watu, akaendelea kufuta vumbi kwenye kaunta.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameitumia ndani ya kibanda hicho, kati ya muuza betri na fundi cherehani, akiweka na kutoa pesa za watu kwa simu. Alizaliwa Sapiwi kwa wakulima wa pamba, akasoma hadi kidato cha nne, akaolewa Sola na fundi wa mashine aitwaye Athanasi. Athanasi alifariki mwaka 2019 akamwachia binti mmoja, Flora, ambaye sasa alikuwa akisomea uuguzi Mwanza, na ekari tano za shamba nyumbani kwao Sola. Watu wa Sola walimwita Mama Flora. Pale stendi walimwita wakala tu, na wengine, akiwa hasikii, walimwita Hakimu.

Jina hilo la mwisho hakulipata bure. Kwenye kaunta alikuwa na daftari la jalada gumu ambalo alilichora mistari kwa rula: saa, namba, jina kamili, kiasi, sahihi. Kuweka aliandika kwa wino wa bluu, kutoa kwa wino mwekundu. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kutuma pesa ya mtu mahali pasipo pake, hata mara moja. Mawakala wenzake walikuwa wametapeliwa, wamelia, wamefunga vibanda wakarudi kupalilia. Yeye aliwatazama wakiondoka kama mtu anayetazama kuku wakivuka barabara.

Wateja aliwaweka katika mafungu. Kulikuwa na wale waliofunga simu na kikaratasi cha namba ya siri katika fundo moja la kanga, yaani kufuli na ufunguo wake vinalala pamoja kama mke na mume. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyetaja namba yake ya siri kwa sauti ya kuita mahudhurio. Kulikuwa na wafugaji ambao wakishapokea noti kutoka kwake walizipeleka kwa muuza betri akazinuse kama ni halali. Na kulikuwa na wakulima wa pamba, hawa ndio waliomchosha kuliko wote, ambao malipo yao yakishaingia kwenye simu walikuja siku hiyohiyo kuyatoa yote mpaka shilingi ya mwisho, wakayatia ndani ya soksi, wakapanda nayo gari bovu kurudi kijijini kuyafukia chini ya kitanda.

"Mnatoa pesa mahali penye ulinzi mnaipeleka mahali penye mchwa," aliwaambia. Walicheka, wakajaza soksi.

Kwa kila aliyekubali kusikiliza, na kwa wengi wasiokubali, alieleza kwamba pesa ya simu ina makufuli matatu. La kwanza ni namba ya simu. La pili ni namba ya siri. La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni jina. Ukishaandika namba na kiasi, kabla pesa haijaondoka, jina la mpokeaji hutokea kwenye kioo. Soma. Kama siyo yeye, ghairi. Hakuna mwizi anayeweza kubadilisha jina hilo, na hakuna kosa la kidole ambalo jina hilo haliwezi kulikamata. Mtu anayetuma bila kusoma jina, alisema Apolonia, asimlilie mtu. Alie na macho yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo saa mbili na nusu mteja wa tatu alikuwa bibi mmoja aitwaye Milembe, mwembamba, amejifunga kanga iliyofifia, mguu mmoja una bandeji. Alikuwa ametokea Sola jana yake kuja kuoshwa kidonda, akalala kwa ndugu, na sasa alitaka kutoa shilingi elfu thelathini alizotumiwa na mwanawe kabla ya kupanda gari la saa sita kurudi nyumbani.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, akiingiza simu kwenye tundu la nondo za dirisha.

"Mwangaluka. Weka namba yako ya siri mwenyewe."

"Macho hayaoni. Andika wewe. Ni sifuri saba, halafu tena sifuri saba."

Aliitaja kwa sauti ya shambani, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya korongo. Watu wanne waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Fundi cherehani alisimamisha mashine.

Apolonia aliweka kalamu chini. Alimuuliza bibi kama alikuwa na haraka, au wangoje apatikane mwenye spika wakatangaze sokoni pia. Akamuuliza kama nyumbani kwake akilala huacha mlango wazi na kuweka taa ili wezi wasijikwae. Watu wa benchi walicheka. Milembe alisikiliza yote bila kuinamisha uso, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Wewe nakuona," alisema Apolonia alipomaliza kupumua. "Hawa nawaona. Je, wezi nisiowaona?"

"Na mimi wewe nakuona, mwanangu," Milembe alijibu. "Ndiyo maana nimekutajia. Ningemtajia nani, nisiyemwona?"

 Apolonia alibonyeza namba, akasoma jina kwa sauti ya hakimu, akamhesabia bibi noti tatu, akaandika kwa wino mwekundu. Milembe alisema wabeja, maana yake asante, akakaa mwisho wa benchi kwenye kivuli kungoja gari lake.

Ni kweli kwamba Apolonia siku hiyo alikuwa na hasira fupi kuliko kawaida, kwa sababu alikuwa na jambo lake.

Zile ekari tano za Sola zilikuwa zimekaa misimu miwili bila zao la maana. Hakuwa na ng'ombe wa kulimia, na mtu asiye na maksai wake hulimiwa mwisho, wenye maksai wakishamaliza ya kwao, wakishamaliza ya ndugu zao, wakishapumzika. Mara zote mbili mbegu yake ya pamba iliingia ardhini Januari ikakutwa na jua. Shemeji yake Joakim, mdogo wake Athanasi, alikwisha kusema mbele ya ukoo kwamba wanawake wa mjini hulima kwa mdomo, na kwamba ardhi ya marehemu kaka yake haikuzaliwa ili iote magugu.  Baadaye baba mkwe alimwita Apolonia pembeni akamwambia taratibu: msimu huu shamba likilala tena, atalitoa kwa Joakim. Hatakuwa na neno la kumtetea.

Basi Apolonia alikusanya pesa. Na jana yake jioni mzee alimpigia simu kumwambia kwamba mfugaji mmoja aitwaye Sayi anapeleka jozi ya maksai kwenye mnada wa Lalago, mwekundu na mweusi, wamekwisha kufundishwa plau, na kwa kuwa Sayi ni mtu anayemfahamu atawaachia kwa shilingi milioni moja na laki sita. Lakini alipwe palepale mnadani kabla ya saa saba. Ikipita hapo atawauza kwa wachuuzi wa nyama, ambao huja na pesa mkononi. Mzee alipendekeza pesa itiwe kwenye bahasha, apewe kondakta wa basi la asubuhi.

Apolonia alijibu kwa heshima yote, na moyoni kwa dharau yote.

"Baba, siku hizi pesa haitembei na kondakta. Mkifika mnadani nipigieni. Kabla hamjarudisha simu mfukoni itakuwa imeingia."

"Mimi nilisema tu," alisema mzee. "Pesa nikiishika najua nimeishika."

Mzee huyo aliitwa Ndalahwa Malimi. Ni sisi tunaolitaja jina lake. Apolonia hakuwahi. Katika miaka ishirini na miwili tangu alipoolewa, jina hilo halikupita midomoni mwake hata siku moja, kwa maana mwanamke hamtaji baba wa mumewe. Shangazi yake alimfundisha hivyo juma moja kabla ya harusi: jina la mkwe hulitaji, mtu akilitaja mbele yako unatazama chini, ukilikuta njiani unapita pembeni kama unavyopita kwenye ua wa mtu anayeoga. Apolonia aliyesoma hadi kidato cha nne alicheka kimoyomoyo, akatii, kisha akazoea, kisha akasahau kwamba amezoea. Fomu zote zenye jina hilo alizijaza Athanasi. Kwenye simu yake mzee alikuwa "Baba Sola". Hata katika lile daftari, ambalo hakuna mteja aliyewahi kuandikwa kwa jina la nusu, mahali pa mzee paliandikwa B.S.

Saa tatu na dakika arobaini mzee alipiga. Alikuwa Lalago, maksai anawaona, Sayi yuko mbele yake. Apolonia alichukua simu ya kazi, ile yenye pesa ya kuwawekea watu ambayo wenyewe huiita floti. Simu hiyo haikuwa na majina ya ndugu ndani yake. Namba ya mzee aliinakili kwa kidole akiitazama kwenye simu yake nyingine. Palikuwa na mteja dirishani akigonga kaunta kwa sarafu. Apolonia alimwambia huyo mteja kwamba sarafu haina haraka, yenye haraka ni njaa. Akaandika namba. Akaandika kiasi. Jina likatokea kwenye kioo.

Hapo macho yake yakafanya kile ambacho yalikuwa yamefundishwa. Yalijua ni jina la nani litakalokuwa pale, basi yakashuka chini, kwenye vidole, kama yalivyoshuka kila mara kwa miaka ishirini na miwili. Akabonyeza moja, kukubali. Akatia namba ya siri. Simu ikalia kwamba muamala umekamilika. Aliandika kwenye daftari kwa wino wa bluu, saa tatu na dakika arobaini na nne, B.S., kiasi, akamgeukia mwenye sarafu.

Saa nne na robo mzee alipiga tena.

"Mama Flora, hapa bado kimya."

Apolonia alitabasamu lile tabasamu lililompa jina la Hakimu. Alimweleza mzee, polepole, kwamba ujumbe huingia bila kupiga kelele, kwamba abonyeze kitufe cha kati, afungue bahasha ndogo iliyo upande wa kushoto. Mzee alisema bahasha ameifungua na ndani kuna ujumbe wa wiki jana. Apolonia alimwambia ampe simu mtu anayejua kusoma. Simu ikachukuliwa na Sayi mwenyewe, mwenye ng'ombe, naye akasema bila kuficha uchovu wake:

"Shemeji, mimi nasoma tangu zamani. Hakuna kitu humu. Hawa jamaa wa nyama wako hapa na noti zao, nami nina safari."

Apolonia alisema mtandao wakati mwingine huchelewa. Huko nyuma ya Sayi alisikia sauti ya Joakim, ambaye alimsindikiza baba yake, ikisema kwa furaha isiyofichwa kwamba simu imemeza ng'ombe. Watu walicheka, na ng'ombe walilia.

Ili ampe shemeji yake jibu lililo wazi, Apolonia alifungua ujumbe wa muamala asome kumbukumbu namba. Alisoma kiasi, kilikuwa sawa. Alisoma namba. Iliishia na sita saba. Ya mzee ilikuwa inaishia na saba sita. Na juu ya namba hiyo, kwa herufi kubwa ambazo mtoto wa darasa la pili angezisoma kutoka mlangoni, lilikuwa jina: Constantine, na jina la ukoo ambalo hakuwahi kulisikia.

Alikaa na simu mkononi. Fundi cherehani alisema baadaye kwamba alidhani amepata habari ya msiba.

Alimpigia Constantine. Iliita mara mbili, ikapokelewa na sauti ya mwanamume mwenye chakula mdomoni. Apolonia alijitambulisha, akaeleza, akaomba. Mwanamume alimeza kwanza.

"Nilikuwa nimeomba sana mwezi huu," alisema. "Mungu akipeleka kitu hakosei namba."

Akakata, na alipopigiwa tena simu ilikuwa imezimwa. Apolonia alikuwa amewadharau watu wengi katika maisha yake, lakini kwa huyo alihisi kwamba wote waliotangulia walikuwa mazoezi.

Bado palikuwa na njia. Aliijua kwa sababu aliwaelekeza wengine mara mia: piga namba ya mawakala, pesa izuiwe kabla haijatolewa. Alipiga. Muziki ukacheza dakika sita. Msichana mwenye sauti safi aliuliza namba ya wakala, namba iliyokosewa, namba sahihi, kiasi. Apolonia alijibu yote kama mtu anayejibu mtihani aliousahihisha mwenyewe.

"Nitajie jina la mteja uliyekusudia kumwekea," alisema msichana.

"Ni baba mkwe wangu."

"Jina lake, dada, kama lilivyosajiliwa."

"Namba yake si nimekutajia? Unaliona hapo."

"Ninaliona. Ila nahitaji kulisikia kutoka kwako ndipo nizuie pesa. Ni utaratibu, kwa usalama wa mteja."

Kwa usalama wa mteja. Hayo yalikuwa maneno yake, yameandikwa kwa mkono wake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya kaunta. Apolonia alitoka nje na simu sikioni, akazunguka nyuma ya kibanda mahali fundi cherehani hutupa vipande vya vitambaa. Hapakuwa na mtu. Hakuna mtu wa Sola ambaye angesikia, hakuna shangazi, hakuna Joakim. Alifungua mdomo. Ulimi ulipanda, ukagusa meno, ukakaa hapo.

Aliwaza maksai mwekundu na mweusi wakipakiwa kwenye lori la nyama. Aliwaza ekari tano zikipimwa kwa hatua za Joakim. Akafungua mdomo tena. Kilichotoka ni pumzi.

"Dada, bado upo?"

Alikata mwenyewe. Akasimama akitazama vipande vya vitambaa, akajidharau kwa ukamilifu, bila kujipunguzia chochote, jinsi alivyowadharau wenye soksi na wenye mafundo. Mwanamke wa kidato cha nne, mwenye makufuli matatu, ameshindwa na neno ambalo kila muuza nyanya wa Sola hulitamka mara kumi kwa siku. Aliingia ndani, akachukua kalamu, akaanza kuliandika ili mtu mwingine alisome. Aliandika herufi ya kwanza. Mkono nao ukakataa. Herufi ikabaki peke yake pembeni mwa daftari safi, akaikata.

Ndipo alipomwona Milembe, mwisho wa benchi, akijipepea na kadi ya kliniki.

Alitoka akapiga magoti kwenye vumbi mbele yake, jambo ambalo watu wa stendi hawakuwahi kulitazamia.

"Bibi, wewe si wa Sola? Unamfahamu baba yake marehemu Athanasi, fundi wa mashine?"

"Ndalahwa? Ndalahwa Malimi, mwenye nyumba karibu na lambo? Nimemfahamu kabla hujazaliwa wewe." Bibi alimtazama, kisha akaelewa, na katika kuelewa kwake hakukuwa na haraka. "Na wewe ndiye mkwe wake. Wamekuuliza jina."

"Wameniuliza jina."

"Basi leta hiyo simu."

Simu ilipigwa upya. Muziki ulicheza dakika nne. Safari hii alipokea kijana wa kiume, naye alitaka kwanza kuhakikisha anaongea na wakala mwenyewe. Milembe, miaka yake sabini na ushee, alisema yeye ndiye Apolonia. Kisha kila alichoulizwa alimgeukia Apolonia, Apolonia akamnong'oneza sikioni, na bibi akakirudia kwenye simu kwa sauti yake ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Namba ya wakala. Namba ya kitambulisho. Tarehe ya kuzaliwa, kumi na mbili mwezi wa tatu mwaka themanini na moja, na hapo kijana aliomba mwaka urudiwe, lakini kompyuta yake haikuwa na mahali pa kuandika umri wa sauti, akaendelea. Salio lililobaki kwenye floti, mpaka mia ya mwisho. Benchi zima lilisikia. Fundi cherehani alikuwa amesimamisha mashine. Muuza betri alitoka nje kabisa, akakunja mikono.

"Mwambie apunguze sauti, wakala," alisema mwenye sarafu, ambaye alikuwa bado yupo. "Au tulete spika?"

Hakuna aliyehitaji kucheka kwa nguvu.

"Na mteja uliyekusudia ni nani?" kijana aliuliza.

"Ndalahwa Malimi," alisema Milembe, wazi, kama mtu anayetaja jina la mti. Apolonia aliinamisha kichwa.

Pesa ilikuwa haijatolewa. Constantine alikuwa bado anamaliza chakula chake, au ameanza safari ya kwenda kwa wakala, lakini hakuwa amefika. Kijana alisema imezuiwa na itarudi kwenye simu ya kazi ndani ya saa ishirini na nne. Milembe alirudisha simu, akauliza kama kuna kingine. Apolonia alisema hakuna. Alitaka kumwekea bibi elfu kumi ya soda. Milembe alisema soda humwasha kidonda, ila kama kuna nauli ya gari la saa sita hataikataa. Alipewa nauli mkononi, noti, akaitia kwenye fundo lilelile lililokuwa na simu.

Ilikuwa saa tano na nusu. Saa ishirini na nne hazikumsaidia mtu mnadani, na floti iliyobaki haikutosha kutuma tena. Apolonia alimpigia mzee na kumwambia ukweli, kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kufundisha kitu: alikosea namba, hakusoma jina. Kwa nini hakulisoma hakusema, na mzee hakuuliza. Kwenye simu ng'ombe walilia. Kisha akasikia mzee akizungumza pembeni kwa Kisukuma na Sayi, maneno machache, bila kubembeleza. Joakim alianza kusema kitu, akaambiwa anyamaze.

"Sayi atapita nyumbani," mzee alisema aliporudi. "Wanyama watalala zizini kwangu. Kesho kabla ya saa tatu alipwe, la sivyo anawachukua."

"Amekubali hivyo tu, Baba?"

"Ananijua," alisema mzee. Kisha akaongeza: "Mama Flora, hiyo pesa safari hii niione."

Siku nzima iliyobaki Apolonia alifanya kazi kama kawaida. Wateja walikuja wakataja namba zao za siri kwa sauti, wakiangalia atasema nini. Aliwaandika, bluu na nyekundu. Mmoja alimuuliza, kwa upole wa kuigiza, kama la tatu ndilo kufuli kubwa. Apolonia alimwambia ndilo kubwa, na kwamba yeye huyo hata la kwanza hajalifikia, asogee wenzake wapite. Dharau yake haikuwa imepungua kwa watu. Ilikuwa imeongezeka mtu mmoja.

Kesho yake saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri simu ya kazi ilimwamsha: pesa imerudi. Hakuituma tena. Alikwenda kibandani, akafungua sanduku, akahesabu noti za elfu kumi kumi, mia moja na sitini, akazifunga kwenye pembe ya kanga kwa fundo, akaona fundo halitoshi, akafunga la pili. Akakodi bodaboda mpaka Sola. Njia nzima alishika fundo hilo kwa mikono miwili, akimwona mwizi kila mtu aliyekutana naye barabarani.

Alifika saa mbili kasorobo. Maksai walikuwa zizini, mwekundu na mweusi, na Sayi alikuwa akinywa uji kando ya ukuta. Apolonia alipiga magoti akamkabidhi baba mkwe pesa kwa mikono miwili. Mzee alikaa kwenye kigoda katikati ya ua, uso umeelekea njiani, akaanza kuzihesabu noti moja moja kwa sauti kubwa, majirani wakisikia, wapita njia wakisimama, Joakim akiegemea nguzo. Alipofika tisini alisahau, akaanza upya. Apolonia alibaki magotini, macho chini. Maneno yote kuhusu kutangaza pesa hadharani yalimpanda mpaka kooni, akayameza moja moja kadiri noti zilivyohesabiwa.

Mzee alipotaja mia moja na sitini, Sayi alizipokea, akaaga, akaondoka. Apolonia aliinuka, akapangusa vumbi magotini, akafungua zizi, akashika kamba ya yule mwekundu, na mweusi akafuata. Akawapeleka lamboni kunywa maji, akipita mbele ya Joakim bila kumsalimia.